Maporomoko ya Lugard: Dhana Potofu Kuhusu Maji, Mwamba na Picha

Maporomoko ya Lugard, katika Mbuga ya Kitaifa ya Tsavo Mashariki nchini Kenya, huwavunja moyo wageni wanaofika na kamera wakitarajia pazia refu la maji. Dhana potofu ya kwanza imo katika jina lenyewe, kwa maana hapa maji hayadondoki kutoka genge refu. Mto Galana, ambao ni mpana, hubanwa ghafla katika mwanya mwembamba wa mwamba na kupita kwa kasi huku ukitoa povu. Mwamba huo ni gneisi, uliopikwa na kukunjwa chini sana ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na mistari yake ndiyo inayostahili kupigwa picha kwanza.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba maji ndiyo yanayouchonga mwamba. Maji matupu huweza kung'oa vipande vilivyokwisha kupasuka, lakini hayana makali ya kusaga gneisi. Kazi hiyo hufanywa na mchanga na kokoto zinazobebwa na mto. Ukichungulia katika shimo mojawapo la mviringo mwambani, huenda ukakuta mawe machache yaliyolainika kama mayai. Shimo hilo ni kinu na mawe hayo ndiyo mchi: mkondo huyazungusha, nayo huchimba chini huku yenyewe yakisagika. Kuyatoa ili shimo lipendeze pichani ni kosa, kwa sababu ndiyo ushahidi wenyewe. Yaache, piga picha ukielekeza kamera wima, na uweke rula au kalamu ukingoni, kwani pasipo kipimo mtazamaji hawezi kujua kama shimo linatosha kikombe au pipa.

Wengi pia hushauri kwamba msimu wa mvua ndio wakati bora wa kwenda. Ni kweli kuwa mafuriko hufanya sehemu kubwa ya kazi, maana maji machache hayawezi kuyasukuma mawe makubwa, lakini maji hayohayo huificha kazi yao. Kiangazi ndicho huifunua. Hata hivyo, uchache wa maji usimdanganye mtu akasogea ukingoni bila askari wa mbuga, kwa kuwa Galana ina mamba.

Wapo wanaoshikilia kuwa picha ya maji sharti ichukue sekunde nzima au zaidi, ili maji yaonekane kama hariri. Picha ya namna hiyo hupendeza, lakini hufuta mahali hasa mkondo unapougonga mwamba na kujipinda, jambo ambalo picha iliyochukua 1/500 ya sekunde tu hulionyesha wazi. Heri upige zote mbili ukiwa mahali pamoja. Kichujio cha polarisheni, yaani kioo cha kupunguza mng'ao kinachofungwa mbele ya lenzi, nacho si cha kukoleza buluu ya anga tu. Kizungushe polepole, na mng'ao juu ya mwamba uliolowa utapungua hadi mistari ya gneisi ijitokeze.

Dhana ya kwamba maporomoko hukaa palepale siku zote nayo si sahihi. Maji yaangukayo, pamoja na mchanga na mawe yanayobebwa nayo, huchimba shina la genge mpaka mwamba wa juu ukose pa kuegemea na kuporomoka, hivyo ukingo hurudi nyuma kuelekea chanzo cha mto. Maporomoko ya Niagara, mpakani mwa Marekani na Kanada, yamerudi takriban kilomita 11 katika muda wa miaka 12,000 hivi. Kwa hiyo ukisimama chini ya maporomoko ya Thomson kule Nyahururu, yenye kimo cha mita 74 hivi, usiyapige picha maji pekee. Geuka nyuma ulipige na korongo ambamo mto unaendelea na safari yake.