Ukuta Una Unyevu, Nimsikilize Nani? Maswali na Majibu

Ukuta wa chumbani una majimaji na mtoto anakohoa kila usiku. Vinahusiana?

Vinaweza kuhusiana. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani, likaeleza kwamba wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu hupata zaidi matatizo ya njia ya hewa, maambukizi ya kifua na kubanwa na pumu. Kinachodhuru si maji yenyewe. Ukuta ukikaa umelowa, huota ukungu unaorusha mbegu ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Bakteria nao hustawi, pamoja na vidudu vya vumbi, na vyote hivyo huingia puani tukipumua. Wanaoumia haraka ni watoto wadogo, wazee, wenye pumu au mzio, na wenye kinga ya mwili iliyoshuka, kama wanaotibiwa saratani.

Lakini usiubebeshe ukuta kila kikohozi. Kikohozi kilichopita wiki mbili, homa isiyoisha au kupungua uzito ni mambo ya kupimwa hospitali, kwa sababu kifua kikuu nacho huanza hivyo. Mtoto akipumua kwa shida au mbavu zikiingia ndani anapovuta hewa, mpeleke saa hiyo hiyo. Ukifika kwa daktari, mweleze habari za ukuta hata asipouliza, na umwambie kama mtoto hupata nafuu akilala nyumba nyingine. Jibu hilo moja humsaidia sana.

Kila ninayemuuliza ana lake: mmoja anasema chokaa, mwingine rangi maalumu, mwingine nibomoe lipu. Nitautambuaje ushauri wa kuaminika?

Sikiliza anaanzia wapi. Anayekutajia dawa kabla ya kuuliza maji yanatoka wapi, mshukuru na uendelee kutafuta. Unyevu ni dalili, kama homa ilivyo dalili, na chanzo chake mara nyingi ni mojawapo ya njia nne au mchanganyiko wake.

Ya kwanza ni ardhi. Maji hupanda kupitia vitundu vya tofali na saruji pale ambapo utando wa kuzuia unyevu juu ya msingi haukuwekwa, umeharibika, au udongo wa nje umerundikwa hadi ukaupita. Unyevu wa aina hii hukaa chini ya ukuta, na mara nyingi hauvuki mita moja kutoka sakafuni. Huacha mstari kama wa maji yaliyokupwa, na unga mweupe wa chumvi. Ya pili ni mvua: paa linalovuja, mfereji wa paa ulioziba, ufa, kingo za dirisha. Hapo doa huonekana popote, hata juu kabisa, na hukolea kila inaponyesha. Ya tatu ni bomba linalovuja ndani ya ukuta au chini ya sakafu. Doa lake halijali mvua wala jua. Funga koki zote, usitumie maji kwa saa moja, kisha utazame mita: ikiwa bado inazunguka, mwite fundi bomba.

Ya nne ndiyo inayosahaulika kuliko zote, nayo ni hewa yenu wenyewe. Kupumua, kupika, kuoga na kuanika nguo ndani humwaga mvuke mwingi hewani. Kwa familia ya watu wanne hufika lita 10 na zaidi kwa siku. Mvuke huo ukigusa ukuta wa baridi hugeuka matone, na ndiyo maana watu husema ukuta unatoka jasho. Ukungu wake hupenda pembe za chumba, nyuma ya kabati, na popote ambapo hewa haipiti.

Kuna jaribio dogo la kufanya mwenyewe. Siku ambayo ukuta ni mkavu juu juu, bandika kipande cha nailoni ukizibe kingo zote, ukiache siku moja hadi mbili. Matone yakitokea upande wa chumbani, shuku hewa. Yakitokea upande wa ukutani, maji yako ndani ya ukuta. Si hukumu ya mwisho, ila hukupa pa kuanzia mazungumzo na fundi.

Fundi alichomeka kifaa chenye pini mbili ukutani, kikalia, akasema maji yanapanda kutoka ardhini. Nimwamini?

Usiamue kwa mlio huo peke yake. Vipima vya aina hiyo hupima jinsi umeme unavyopita, na vingi vimerekebishwa kwa ajili ya mbao. Chumvi iliyomo kwenye lipu, au chuma kilichojificha nyuma yake, huweza kukifanya kionyeshe maji mengi kuliko yaliyopo. Tena kifaa hicho husema kuna unyevu tu. Hakiwezi kusema umetoka wapi. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuchukua vipande vya ukuta kwa kutoboa kimo baada ya kimo, kuvipima uzito, kuvikausha kwenye joto na kuvipima tena.

Kwa maoni yangu, anayekagua asiwe ndiye anayeuza dawa ya kutibu. Wapo mafundi waaminifu wengi, lakini mtu ambaye riziki yake iko kwenye dawa moja ataiona haja yake kwenye kila ukuta. Ukiweza, mlipe mhandisi au mkaguzi wa majengo kwa ukaguzi peke yake. Ukishindwa, pata mafundi wawili wasiojuana na uwaulize swali lile lile: maji yanatoka wapi, na umejuaje?

Ukungu mweusi ndio ule wa sumu? Niupeleke maabara?

Rangi haikuambii hatari. Kuna kuvu weusi wa aina nyingi, na katika miaka ya 1990 mmoja wao ulihusishwa na watoto wachanga waliotoka damu mapafuni huko Cleveland, Marekani. Uchunguzi ulirudiwa, na mwaka 2000 CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ikatangaza kwamba uhusiano huo haujathibitishwa. Hofu ilibaki. Ukungu wa rangi yoyote unaondolewa, kwa hiyo fedha ya maabara itumie kuziba maji.

Naweza kuusafisha mwenyewe?

Eneo lisilozidi kama mita moja ya mraba, ndiyo. Fungua madirisha, vaa glavu, barakoa na miwani, sugua kwa maji na sabuni, kisha ukaushe kabisa. Usiukwangue ukiwa mkavu, maana utautawanya chumba kizima. Na tafadhali, dawa ya klorini usiichanganye kamwe na siki, amonia au kisafisha choo: hutoa gesi inayochoma mapafu. Mwenye pumu asifanye kazi hii. Maji yakimwagika au kuvuja, kausha ndani ya saa 24 hadi 48, kabla ukungu haujaota.

Nyumba ni mpya kabisa. Mbona kuta zina unyevu?

Huenda ni maji ya ujenzi, yaani yale yaliyochanganywa kwenye saruji na lipu, ambayo bado hayajakauka. Mafundi hukadiria mwezi mmoja hivi wa kukauka kwa kila milimita 25 za unene wa ukuta. Ukiwahi kupaka rangi ya mafuta, unayafungia ndani.

Mimi ni mpangaji. Mwenye nyumba anasema nipake rangi tu.

Ushauri huo umewahi kutolewa, na matokeo yake yanajulikana. Huko Rochdale, Uingereza, baba wa Awaab Ishak aliripoti ukungu mwaka 2017 akaambiwa apake rangi juu yake. Awaab alifariki Desemba 2020, akiwa na miaka miwili, na Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alihitimisha kwamba ukungu wa nyumbani ndio uliomdhuru njia ya hewa. Sheria iliyopewa jina lake sasa inawabana wamiliki wa nyumba za kijamii nchini humo (zile zinazopangishwa kwa bei nafuu na halmashauri au mashirika ya nyumba) kuchunguza na kutengeneza ndani ya muda uliowekwa.

Kwa hiyo usipake. Piga picha zenye tarehe, andika siku za mvua na siku mtoto alizoumwa, mpe mwenye nyumba taarifa kwa maandishi na ubaki na nakala. Omba daktari aandike kwenye faili kwamba mgonjwa anaishi kwenye unyevu. Asipotenda, peleka vyote kwa afisa afya wa eneo lako na umwombe aje auone ukuta mwenyewe. Wakati mnasubiri, kitanda cha mtoto kihamishieni chumba kikavu.