Mario Lanza: yanayosemwa kuhusu nyimbo zake, na ukweli ulivyo

Wapo wanaosema Mario Lanza, mwimbaji wa Marekani mwenye sauti ya juu ya kiume, alikuwa mcheza filamu tu aliyejipachika kwenye opera, yaani tamthilia zinazoimbwa. Wapo pia wanaompenda kupita kiasi, nao humpandisha kwenye majukwaa ambayo hakuwahi kuyakanyaga. Ukizisikiliza rekodi zake kwa mfuatano, kuanzia 1949 hadi 1959, utaona pande zote mbili hazina ushahidi.

Dhana: Hakuwahi kuimba opera jukwaani.

Aliimba. Mwaka 1942, akiwa na miaka 21, alishika nafasi ya Fenton huko Tanglewood, Massachusetts, katika opera ya Otto Nicolai kuhusu wake wa Windsor. Aprili 1948 akawa Pinkerton katika Madama Butterfly mjini New Orleans. Baada ya hapo Hollywood ikamchukua, na hakurudi tena kwenye opera ya jukwaani. Kwa hiyo shabiki anayedai kwamba Lanza alivuma Metropolitan, jumba kuu la opera la New York, naye anapotosha: hakuimba pale hata mara moja. Mimi nalihesabu hilo kuwa hasara kubwa. Mwimbaji mwenzake George London, ambaye mwaka 1947 na 1948 walizunguka pamoja Marekani, Kanada na Mexico wakiwa na Frances Yeend katika kundi la waimbaji watatu la Bel Canto Trio, aliendelea mpaka Metropolitan na tamasha la opera la Bayreuth, Ujerumani. Lanza akabaki na kamera.

Dhana: Alizaliwa siku aliyokufa Enrico Caruso, mwimbaji mashuhuri wa opera wa Italia.

Lanza alizaliwa Philadelphia tarehe 31 Januari 1921. Caruso alifariki Napoli tarehe 2 Agosti mwaka huohuo. Ni miezi sita imepita hapo. Na sauti ya Caruso katika The Great Caruso, filamu ya 1951 kuhusu maisha yake, ni ya Lanza mwenyewe, si rekodi za zamani za marehemu.

Dhana: Nyimbo zilizompa jina ni nyimbo za kale kutoka Italia.

Hapa ndipo watu wanapopotea zaidi, na wala siwalaumu, kwa sababu Lanza aliimba kila kitu kwa moto uleule. "Be My Love", iliyouza zaidi ya nakala milioni moja, inasikika kama aria, yaani wimbo wa opera, ya Puccini, mtunzi wa Madama Butterfly, kumbe ilitungwa Hollywood kwa ajili ya filamu ya 1950: muziki wa Nicholas Brodszky, mashairi ya Sammy Cahn. "Granada" ni ya Agustín Lara wa Mexico, aliyeutunga wimbo huo kabla hajauona mji wenyewe wa Granada, Hispania. "The Loveliest Night of the Year" nayo imejengwa juu ya waltzi ya Mmexico mwingine, Juventino Rosas. Wengi huapa kwamba walimwona Lanza akiuimba wimbo huu ndani ya The Great Caruso. Anayeuimba pale ni mwigizaji mwenzake, Ann Blyth. Lanza aliurekodi kwa ajili ya santuri, na santuri ndiyo iliyovuma.

"I'll Walk with God" huchukuliwa kuwa wimbo wa kanisani wa miaka mingi. Ulitungwa kwa ajili ya filamu ya The Student Prince. Katika operetta ya Sigmund Romberg ya 1924, yaani mchezo mwepesi wa kuimba ambao filamu hiyo ilitokana nao, haumo.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni "Core 'ngrato", moja ya nyimbo alizorekodi Mei 1949 mwanzoni kabisa mwa kazi yake na kampuni ya santuri ya RCA Victor. Maneno ni ya Kinapoli kitupu, na msikilizaji huona bahari ya Napoli mbele yake. Wimbo huo ulitungwa Marekani na wahamiaji: Salvatore Cardillo alitunga muziki, Riccardo Cordiferro akaandika mashairi, ukatoka mwaka 1911. Lanza, mtoto wa wahamiaji wa Kiitaliano, hakuwa anaazima kitu cha ng'ambo. Alikuwa anaimba cha nyumbani kwao.

Dhana: Aliondolewa kwenye The Student Prince kwa sababu ya unene.

Alizirekodi nyimbo za filamu hiyo mwaka 1952. Kisha akagombana na mwongozaji Curtis Bernhardt juu ya namna alivyouimba mmojawapo, ugomvi ukakua mpaka studio ikamfukuza. Filamu ilipotoka mwaka 1954, uso ulikuwa wa Edmund Purdom na sauti ilikuwa ya Lanza. Anayenunua santuri aangalie vizuri, maana nyimbo hizo alizirekodi upya kwa stereo mjini Rome mwaka 1959. Ile ya kwanza ni bora mara nyingi: katika "Serenade" noti za juu zinapanda bila kusukumwa, wakati ya pili sauti imeshakuwa nzito.

Dhana: Miaka ya mwisho sauti ilikuwa imekwisha.

Santuri za operetta alizorekodi 1959 ndizo zilizoeneza maneno haya. Hata zile duweti zake na mwimbaji Judith Raskin hawakusimama pamoja. Lanza alirekodi Rome, na sehemu za Raskin zikaongezwa baadaye New York. Lakini mwishoni mwa 1958, akiongozwa na kiongozi wa okestra Franco Ferrara, alirekodi nyimbo 12 za Kinapoli zilizotoka katika santuri iitwayo Mario! Chukua "Voce 'e notte": mwanamume anaimba usiku nje kwa mwanamke aliyeolewa na mwingine, anamsihi akiamka ajifanye amelala. Wimbo kama huo ukiupigia kelele umeuua. Lanza, ambaye wakosoaji walimtuhumu kila siku kwa kupaza sauti, anaushusha, anayabana maneno, anapanda pale tu wimbo wenyewe unapomdai.

Alifariki Rome tarehe 7 Oktoba 1959, akiwa na miaka 38. Anayetaka kumhukumu kwa kazi zake za mwisho aanze na Mario!, ndipo aende kwenye zile operetta.