Kinaya: nani anajua, nani hajui

Mtoto anaingia nyumbani saa tano za usiku. Mama yuko sebuleni, taa inawaka, chakula kimeshapoa. Anamtazama juu hadi chini, kisha anasema taratibu, "Umewahi kweli leo, mwanangu." Hakuna mtoto atakayeitikia "asante mama." Anajua ameshikwa.

Maneno ya mama huyo ni kinaya, na nimeanza nayo kwa sababu wanafunzi wengi wanaosoma fasihi ya Kiingereza hudhani kile kinachoitwa darasani irony ni mdudu mgeni. Si mgeni. Wamekisikia tangu wakiwa watoto, na wengi wao wanakitumia vizuri sana. Kinachowashinda ni kukieleza kwenye karatasi ya mtihani.

Nilipokuwa sekondari tulikaririshwa maana moja tu: kinaya ni kusema kinyume cha unachokusudia. Maana hiyo inatosha kwa maneno ya yule mama. Ukienda nayo kwenye tamthilia ya Sophocles, mwandishi wa Ugiriki ya kale, au ya Shakespeare, itakuacha njiani, kwa sababu humo utakutana na watu wanaosema hasa wanachokusudia, kwa moyo mweupe kabisa, na bado maneno yao yamejaa kinaya.

Asili ya neno inasaidia. Katika vichekesho vya Ugiriki ya kale palikuwa na mhusika aliyeitwa eiron, mtu anayejifanya mjinga kuliko alivyo. Mbele yake aliwekwa alazon, mwenye majivuno anayejidai kujua kila kitu. Mwenye majivuno husema sana. Mwenzake humwacha aseme mpaka ajiangushe mwenyewe. Aliyekulia kwenye ngano za sungura na fisi hatahitaji kuelezwa zaidi. Tangu mwanzo, basi, mchezo huu ulihusu ujuzi: mmoja anajua, mwingine hajui kwamba hajui. Kwangu mimi maana inayofaa kubebwa ni hii: kinaya ni pengo kati ya linaloonekana na lililopo, ambalo kuna mtu analiona na kuna mwingine halioni.

Pengo hilo ni pana zaidi jukwaani. Katika tamthilia ya Sophocles, mfalme Oedipus wa mji wa Thebes anaambiwa kwamba tauni haitaondoka mjini mpaka apatikane aliyemuua Laius, mfalme aliyemtangulia. Anasimama mbele ya raia wake na kumlaani muuaji huyo, popote alipo. Hatanii wala hamfumbii mtu. Lakini muuaji ni yeye mwenyewe, na Laius alikuwa baba yake mzazi. Wagiriki waliokwenda kutazama walikuwa wakiijua hadithi hiyo kabla hata mchezo haujaanza, kwa hiyo kila neno la laana walilisikia mara mbili: kama alivyolisema mfalme, na kama litakavyomrudia. Hiki ndicho kinaya cha kidrama. Mtazamaji anajua, mhusika hajui.

Shakespeare alikipenda sana. Katika Macbeth, mfalme Duncan wa Uskoti anamzungumzia mkuu wa Cawdor, msaliti aliyekwisha kuuawa, na anakiri kwamba hakuna ufundi wa kusoma moyo wa mtu usoni pake; yule alikuwa mtu aliyemwamini kabisa. Hapo hapo anaingia Macbeth, na Duncan anampokea kwa furaha. Sisi tumeshamsikia Macbeth akiwaza kumuua. Cheo cha Cawdor ameshapewa yeye. Mfalme anatamka somo kwa kinywa chake mwenyewe na wakati ule ule anashindwa kulitumia. Baadaye kidogo anafika kwenye ngome ya Macbeth, anasifu hewa yake tamu, na Banquo, jemadari mwenzake Macbeth, anaongeza kwamba hata mbayuwayu wamependa kujenga viota hapo. Usiku huo huo Duncan anauawa ndani ya ngome hiyo. Kila ninapofundisha sehemu hii darasa hunyamaza, na ukimya huo ndio kinaya kinavyofanya kazi: tungependa kumwonya, na hatuwezi.

Cha pili ni kinaya cha maneno, kile cha yule mama wa sebuleni. Mfano mkubwa ni hotuba ya Antony kwenye mazishi ya rafiki yake Kaisari, mtawala wa Roma, katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963. Brutus, mmoja wa waliomuua Kaisari, amemruhusu Antony azungumze kwa sharti kwamba asiwalaumu wauaji. Antony analitii sharti kwa midomo. Anarudia tena na tena kwamba Brutus ni mtu mwenye heshima, na baada ya kila sifa anaweka jambo linaloibomoa: Kaisari alileta mateka ambao fidia yao ilijaza hazina ya umma, Kaisari aliwalilia maskini, Kaisari alikataa taji mara tatu. Zingatia kwamba mara ya kwanza sifa ile inaweza kupita kama sifa kweli. Ni marudio yanayoigeuza. Mwishowe raia mmoja anapaza sauti kwamba hao walikuwa wasaliti, kisha analirudia lile neno la heshima kama mtu anayetema kitu kichungu. Antony hakuwaambia walione pengo, waliliona wenyewe.

Jonathan Swift naye, mwaka 1729, aliandika kijitabu kuhusu njaa na ufukara wa Ireland, akapendekeza watoto laki moja wa maskini wauzwe wakitimiza mwaka mmoja ili waliwe na matajiri. Anapiga hesabu kwa utulivu, kama karani. Msomaji asiyehisi pengo kati ya utulivu ule na unyama wa pendekezo atadhani mwandishi ana kichaa, wakati hasira yake imefichwa ndani ya hesabu zenyewe.

Cha tatu ni kinaya cha hali, na hapa ndipo makosa yanapozidi. Wanafunzi huita kila bahati mbaya kinaya. Mvua kunyesha siku ya harusi si kinaya, ni mvua tu. Lakini tuseme wahusika waliihamisha harusi kutoka Aprili hadi Julai ili kuikwepa masika, siku ile ya Aprili ikapita kavu, na Julai mvua ikamwagika juu ya maturubai. Hapo pana kinaya, kwa kuwa juhudi yao ndiyo iliyowafikisha walipokuwa wakipakimbia. Katika hadithi ya mkufu ya Mfaransa Guy de Maupassant, ya mwaka 1884, ambayo husomwa sana kwa Kiingereza, Mathilde anapoteza mkufu wa kuazima, yeye na mumewe wanakopa ili wanunue mwingine wa faranga 36,000, na wanataabika miaka kumi kulipa. Kisha anaambiwa kwamba ule wa kwanza ulikuwa wa bandia, haukuzidi faranga 500. Angesema ukweli siku ile ile, asingepoteza ujana wake.

Kuna vitabu vya Kiswahili vinavyoita haya yote kejeli. Mimi hupenda kutenganisha. Kejeli inataka kumchoma mtu. Kinaya si lazima. Kauli ya mama ni vyote viwili, ila katika laana ya Oedipus hakuna anayemkejeli yeyote.

Sasa mtihani. Nimesahihisha majibu mengi yanayosema "hapa mwandishi ametumia kinaya" na kuishia hapo, kana kwamba kutaja jina ni kueleza. Andika mhusika anaamini nini, ukweli ni upi, nani anaujua wakati huo, na pengo hilo linatufanya tuhisi au tuelewe nini. Kwa Duncan, jibu lingeweza kuwa hivi: mfalme anaamini amefika mahali pa amani, sisi tumeshamsikia Lady Macbeth, mke wa Macbeth, akipanga kifo chake, kwa hiyo sifa za hewa tamu zinatuonyesha mtu mwema ambaye wema wake wenyewe unamzuia kuona kisu.