Leseni ya kliniki ya meno na kazi ya kila siku: dhana potofu na ukweli

Wamiliki wengi wa kliniki za meno nchini Tanzania huamini kwamba kituo kikishasajiliwa na cheti kikatundikwa ukutani, suala la sheria limekwisha mpaka wakaguzi watakapobisha hodi. Dhana hiyo ndiyo mama wa nyingine zote nitakazozitaja, kwa sababu humfanya msimamizi aione sheria kama jambo la makaratasi, ilhali kinachomlinda mgonjwa ni kile kinachofanyika kati ya mgonjwa mmoja kuinuka kwenye kiti na mwingine kukaa.

Hata kwa upande wa makaratasi, cheti kimoja hakitoshi. Daktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika chini ya sheria ya mwaka 2017 inayowahusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Kituo binafsi husajiliwa kupitia Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi. Na mashine ya eksirei, hata ile ndogo ya kupiga picha ya jino moja, huhitaji leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Wapo wanaodhani kwamba mionzi ya meno ni kidogo mno kiasi cha kutostahili leseni. Ni kweli kwamba kipimo anachopata mgonjwa kwa picha moja ni kidogo, lakini mhudumu anayemshikia mgonjwa filamu mdomoni kwa kidole chake, siku baada ya siku, hujilimbikizia mionzi ambayo mgonjwa huyo hataipata maishani. Anapaswa kutumia kishikio cha filamu na kusimama nyuma ya kizuizi au umbali wa mita 2 hivi.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni ile isemayo kwamba kichwa cha mashine ya kuchongea meno kikifutwa kwa spiriti kiko tayari kwa mgonjwa anayefuata. Kichwa hicho kinaposimama kuzunguka, huweza kuvuta mate na damu kuviingiza ndani yake, mahali ambapo kitambaa chenye spiriti hakifiki, na kikiwashwa tena uchafu huo hutokea mdomoni mwa mtu mwingine. Ni lazima kitakaswe kwa mvuke wenye shinikizo kila baada ya mgonjwa. Kuchemsha kwenye sufuria nako si kutakasa, kwa kuwa nyuzi joto 100 haziui mbegu sugu za bakteria. Mtambo wa mvuke hufanya kazi kwa nyuzi 121 kwa angalau dakika 15, au nyuzi 134 kwa angalau dakika 3, na muda huo huhesabiwa baada ya joto kufikiwa, si tangu kitufe kilipobonyezwa. Chombo chenye damu iliyokauka, au kilichobanwa ndani ya mtambo uliojazwa kupita kiasi, hakitakasiki hata saa zikizidishwa. Na utepe unaobadilika rangi juu ya kifurushi huonyesha tu kwamba kifurushi kimepita kwenye joto. Uthibitisho kwamba vijidudu vimekufa hutokana na kipimo cha mbegu za bakteria, ambacho inashauriwa kifanyike kila wiki na matokeo yake yaandikwe.

Kwa nini basi watu wenye elimu nzuri huendelea kufuta kwa spiriti? Mara nyingi si ujinga wala uovu, bali ni ratiba, na hapa ndipo wengi hukosea wanapodhani kwamba kupanga miadi ni kazi ya mapokezi isiyohusiana na kanuni. Chukulia kiti kimoja kinachopokea mgonjwa kila nusu saa, na kliniki ambamo kuosha, kufungasha, kutakasa, kukausha na kupoza huchukua saa moja na nusu. Chombo kilichotumika kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tatu na nusu hakirudi kitini kabla ya saa tano, na katika kipindi hicho wagonjwa wa saa tatu na nusu, saa nne na saa nne na nusu kila mmoja anahitaji chake. Kiti hicho hakiendeshwi kihalali na vichwa vya kuchongea pungufu ya vinne. Msimamizi aliyenunua viwili na kupanga wagonjwa kumi na wanne kwa siku amekwisha kumwamuru msaidizi wake avunje kanuni, hata kama hakutamka neno. Ama anunue vingine, ama apunguze wagonjwa.

Kuhusu sindano ya ganzi, bado wapo wanaofundisha kwamba ni usalama kuirudishia kifuniko kwa mikono miwili kabla ya kuitupa. Ukweli ni kwamba hapo ndipo vidole vingi huchomwa. Ikibidi kuifunika, kifuniko kilazwe mezani kichotwe kwa mkono mmoja, na kisanduku cha sindano kibadilishwe kikifika robo tatu. Aliyechomwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni na aripoti papo hapo, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Kila mfanyakazi, pamoja na msafishaji anayebeba taka, anastahili kukamilisha chanjo ya homa ya ini aina ya B.

Jambo la mwisho ni picha za meno zinazorushwa kwenye makundi ya WhatsApp kuomba ushauri, kwa imani kwamba jino halina jina. Mara nyingi jina huwa limeandikwa kwenye kona ya picha yenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kliniki inayozikusanya inatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ushauri wa mwenzako unaweza kuombwa kwa ridhaa ya mgonjwa, jina likiwa limeondolewa, na picha ikibaki kwenye jalada lake badala ya kwenye simu ya daktari.