"Waza mazuri" haimsaidii anayeacha pombe

Ndugu wanausema kwa upendo, na washauri nasaha wenzangu nao wanaurudia: "Waza mazuri tu, utaacha." Ushauri huu unaumiza watu.

La haraka kwanza. Aliyezoea kunywa sana kila siku akikata ghafla anaweza kutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24, kupata degedege ndani ya siku mbili, hata kuweweseka kuanzia siku ya pili au ya tatu. Huyo apelekwe hospitali. Daftari la fikra, lile tunamoandika na kupima mawazo yanayomvuta kwenye pombe, litasubiri.

Akishatulia, mjue kwamba fikra inayomrudisha kilabuni mara nyingi haina huzuni yoyote. Ni ya kujipa ruhusa: "Wiki mbili sijagusa, moja haidhuru." Ukimwambia awaze mazuri, hilo tayari analiona zuri.

Katika daftari hilo tunaandika tukio, fikra kwa maneno yale yale yaliyompitia kichwani, na kiasi anachoiamini, 0 hadi 100. Kisha ushahidi wa pande zote mbili, fikra mbadala, na kukadiria upya. Mfano: Jumamosi jioni, mshahara umetoka, rafiki kaandika "tuko hapa". Fikra: "Nikikaa na soda watanicheka." Imani 80. Mbadala wa "mimi ni mshindi" hauna kazi, maana mwenyewe haamini. Huu anauamini: "Watanicheka kidogo, halafu wataendelea na yao. Mara ya mwisho nilipoenda kwa moja tu nilirudi bila nauli." Ile 80 ikishuka hadi 50 inatosha, kwa sababu hamu isipolishwa kwa kawaida hupungua ndani ya nusu saa hivi.

Ila "mke wangu haniamini" huenda ni kweli tupu. Msibishane nayo; pangeni namna ya kurudisha uaminifu.

Fikra ninayoiogopa kuliko zote ni "nimeshaharibu". Mtu kateleza kwa chupa moja, anasema mwezi wote umekwenda na maji, basi anywe mpaka asubuhi. Mwanasaikolojia wa Marekani Alan Marlatt aliieleza vizuri: anayehesabu kuteleza kuwa ni udhaifu wa nafsi yake huwa rahisi kuendelea kunywa, kuliko anayetafuta kilichotangulia, kama njaa, hasira au pesa mfukoni. Kwa hiyo kadi iandikwe kabla hajateleza, kwa mwandiko wake: iache hiyo glasi, toka hapo, mpigie fulani, kula, lala. Nanyi wa nyumbani, "si tulisema!" yenu inaipa nguvu fikra hiyo hiyo.

Vitabu huweka fikra mbele, tabia nyuma. Mimi nina shaka. Naona wengi wanaobadili njia ya kurudi nyumbani kwanza, fikra zikafuata baadaye sana. Ndiyo maana simpi mtu daftari lisilo na safu ya hatua: Jumamosi hii nani atashika pesa, na ni njia gani isiyopita kilabuni.