Je, Wajua Kwa Nini Nyongeza ya Mshahara Hupungua Kabla ya Kufika Sokoni?

Mei Mosi ya mwaka 2018 iliadhimishwa kitaifa katika Uwanja wa Samora mjini Iringa, na ya mwaka 2019 katika Uwanja wa Sokoine jijini Mbeya. Mara zote mbili wafanyakazi wa Nyanda za Juu Kusini walimsikiliza Rais John Magufuli wakisubiri habari ya mishahara, na mara zote mbili walirudi makwao bila nyongeza ya jumla. Kima cha chini cha watumishi wa umma, kilichokuwa shilingi 300,000 kwa mwezi tangu mwaka 2015, hakikuguswa hadi Julai 2022, kilipopandishwa kwa asilimia 23.3 na kufika 370,000. Hata hivyo, mwezi huo huo manung'uniko yalisikika nchi nzima. Yalitoka wapi?

Tuanze na bei. Katika miaka hiyo 7 mfumuko wa bei nchini ulikuwa kati ya asilimia 3 na 6 kwa mwaka, kiwango ambacho wachumi hukiita tulivu. Lakini utulivu huo hujilimbikiza, kwa sababu bei za mwaka huu hupanda juu ya zile zilizokwisha kupanda mwaka jana. Tukichukua asilimia 4 tu kwa kila mwaka, mchele wa Kyela, mafuta na sabuni vilivyonunuliwa katika soko la Mwanjelwa jijini Mbeya kwa shilingi 300,000 mwaka 2015 vingehitaji takriban 395,000 mwaka 2022. Kwa hesabu hiyo, mtumishi aliyepewa 370,000 hakuongezewa kitu. Alirudishiwa sehemu ya kile alichokuwa amekipoteza polepole, na hasara ya miezi yote iliyotangulia haikufidiwa. Hii ndiyo tofauti kati ya mshahara unaoandikwa kwenye karatasi na mshahara halisi, yaani ule unaopimwa kwa vitu unavyoweza kununua.

Kisha kuna asilimia yenyewe. Ile 23.3 ilihusu kima cha chini, si kila ngazi ya mshahara. Mwalimu au muuguzi aliyekwisha kupanda madaraja alipata sehemu ndogo zaidi, lakini tangazo lilikuwa limesikika na kila mtu, akiwemo mwenye nyumba ya kupanga.

Makato nayo yana hesabu yake, na hapa naomba msomaji avumilie tarakimu. Mwaka 2025, kwenye sherehe za Mei Mosi zilizofanyika Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini kingepanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, sawa na asilimia 35.1. Mtumishi huchangia asilimia 5 ya mshahara kwenye mfuko wa pensheni, na kinachobaki hutozwa kodi ya asilimia 8 kwa kila shilingi inayozidi 270,000. Kwa mshahara wa 370,000 kodi ilikuwa 6,520. Kwa 500,000 inakuwa 16,400. Mshahara umeongezeka kwa theluthi moja na ushei, ilhali kodi imezidi maradufu, kwa sababu kizingiti cha 270,000 kimesimama pale pale tangu mwaka 2020. Ukiondoa na asilimia 3 ya bima ya afya, nyongeza ya 130,000 inafika mkononi ikiwa takriban 110,000. Bado ni nyongeza ya kweli, tena kubwa kuliko ya 2022, lakini mwenye mkopo wa elimu ya juu hukatwa pia asilimia 15 ya mshahara wake.

Katika sekta binafsi mwendo umekuwa wa taratibu zaidi. Kima cha chini cha kilimo, kinachowahusu wachumaji wa chai wa Mufindi na Rungwe, kiliwekwa kuwa shilingi 100,000 kwa mwezi mwaka 2013, na hakikubadilishwa hadi Januari 2023 kilipokuwa 140,000. Kwa kipimo kile kile cha asilimia 4, miaka 9 peke yake inadai zaidi ya 142,000. Mchumaji aliyeanza kazi mwaka 2013 kwa mshahara huo alikuwa, baada ya karibu miaka 10 ya kubeba kikapu mgongoni, na uwezo mdogo wa kununua kuliko siku alipoajiriwa.