Kuongoza si kushirikishwa: maana ya maendeleo yanayoongozwa na wakazi wa mitaa ya mabanda

Maendeleo yanayoongozwa na wakazi ni utaratibu ambao watu wa mtaa hukusanya wenyewe taarifa za mtaa wao, huamua lipi litangulie na husimamia utekelezaji, huku serikali na wataalamu wakiwaunga mkono. Utaratibu huo hauna budi kutenganishwa na kushirikishwa, ambako baraza huitishwa, mchoro uliokwisha kukamilika hubandikwa ukutani na wakazi huombwa maoni. Aliyetia saini orodha ya mahudhurio hajaongoza chochote.

Mara nyingi kazi huanza kwa kujihesabu, kwa sababu mtaa usio na takwimu ni rahisi kuubomoa. Nchini Kenya, Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda lililoanzishwa mwaka 1996, umetegemea vikundi vya kuweka akiba pamoja na sensa ambazo wakazi hupita nyumba kwa nyumba wakiandika nani anaishi wapi, choo kimoja kinatumiwa na kaya ngapi, na mtungi wa maji unauzwa kwa bei gani.

Huko Mukuru, Nairobi, takwimu za namna hiyo zilithibitisha lile ambalo kila mchota maji alilijua, kwamba maskini hulipia maji bei ya juu kuliko tajiri mwenye bomba nyumbani. Ushahidi huo ulichangia serikali ya kaunti kutangaza, Agosti 2017, kwamba Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, zenye kaya zaidi ya 100,000, ni eneo maalumu la mipango, yaani eneo linalotungiwa mpango wake lenyewe. Wakazi walijipanga katika makundi madogo ya kaya kama kumi, na uwakilishi ukapanda kutoka hapo. Uongozi wao ulionekana hasa katika suala la barabara: kanuni za mipango miji hutaka barabara pana, ilhali kila mita inayoongezwa huondoa vyumba vya watu, na safari hii waliolipima jambo hilo walikuwa ni pamoja na wenye kulala katika vyumba hivyo.

Wapenzi wa dhana hii, hata hivyo, hupita juu juu penye ugumu wake. Mpangaji na mwenye mabanda anayemtoza kodi hawatafuti jambo moja, ingawa wote huitwa "jamii". Tena sehemu kubwa ya ardhi ya Mukuru ina hati za watu binafsi, na mpango uliotungwa na wakazi haufuti hati. Novemba 2021, miaka minne baada ya tangazo lile, makazi ya maelfu ya watu yalibomolewa Mukuru kwa Njenga kupisha barabara.